Susa Hakuja Mwenyewe, Tulimpakia kwenye Pikapu

Ukitoka Maskat hapa Oman ukashika njia ya pwani ya Batinah, ukapita Barka, Saham, Sohar mpaka Shinas kule karibu na mpaka wa Imarati, zile Falme za Kiarabu, mkono wako wa kulia ni bahari na mitende, mitende tu mpaka macho yachoke, yote kijani, na mtu asiyejua atasema mashallah mambo shwari. Hiyo ndo shida yenyewe. Mtende ulioingiwa na mdudu susa unakaa kijani miezi na miezi huku ndani umeshaliwa umebaki ganda, afu siku moja upepo kidogo tu, sio dhoruba wala nini, upepo wa kawaida wa alasiri, unakatika chini karibu na ardhi unalala na vichala vyake vya tende ambavyo bado havijaiva. Mwenye shamba anasimama pale anasema ah, jana ulikuwa mzima huu. Haukuwa mzima jana. Pengine haukuwa mzima tangu mwaka jana.

Nataka nimwandike huyu mdudu kwa sababu kila nikirudi Unguja watu wananiuliza habari za tende na bei za tende na kwa nini tende aina ya Khalas siku hizi ghali, hakuna anayeniuliza habari za mtende wenyewe, na mimi sasa shambani kwa ami yangu nimeona mambo ambayo siwezi kukaa nayo kimya.

Susa ndivyo anavyoitwa huku, kwa Kiswahili cha vitabu ungesema fukusi mwekundu wa mitende, na wataalamu wanamwita Rhynchophorus ferrugineus, na hilo la ferrugineus alipewa tangu 1790 na Mfaransa mmoja aitwaye Olivier. Kwa kumtazama tu ni mdudu mzuri, Mungu anisamehe. Ana rangi ya kutu, madoa meusi mabegani, pua ndefu imepinda kwa chini, urefu wake sentimita tatu mpaka nne hivi, ukimweka kiganjani anakushika kwa nguvu utafikiri anakudai. Na huyo mkubwa si yeye anayeua mtende, wanaoua ni watoto wake. Jike anatafuta jeraha, pale ulipokata kuti, pale ulipong'oa chipukizi, pale panya alipotafuna, anatoboa kwa ile pua yake anaweka yai, anahamia pengine anaweka jingine, na katika maisha yake anaweza kutaga mayai mia mbili mpaka mia tatu. Baada ya siku chache yanaanguliwa, anatoka buu jeupejeupe lisilo na miguu, kichwa cha kahawia kigumu, na kazi yake ni moja tu, kutafuna kuelekea ndani. Linatafuna mwezi mmoja, miwili, hata mitatu, mpaka linafika urefu wa sentimita tano na unene wa kidole gumba, halafu linajisokotea kifuko cha nyuzinyuzi za mtende wenyewe, linalala humo, linatoka susa kamili. Wengine wala hawatoki nje, wanakutana humohumo ndani wanapandana na kutaga tena, kwa hiyo ukiupasua mtende mmoja unakuta mayai, mabuu madogo, mabuu makubwa, vifuko, na wazazi, ukoo mzima uko nyumbani.

Na mtende, ndugu zangu, sio mwembe. Mwembe ukiutia panga utaota gamba jipya, kidonda kitafunga, utaendelea na maisha. Mtende hauna hiyo kitu, shina lake haliongezi mbao mpya kila mwaka, kilichotafunwa kimetafunwa, na sehemu ya kukua ni moja tu kule juu, kile kichilema, kikifikiwa basi mti umekwisha hata kama makuti bado yanapepea.

Mara ya kwanza kuuona kwa macho yangu ilikuwa mtende wa Khalas, wa miaka kama kumi hivi, ndo umeanza kuzaa sawasawa. Ami yangu huyu ni mdogo wake baba, kazaliwa Unguja, karudi Oman miaka ya sabini wakati Sultan Qaboos alipowaita watu warudi, na shamba kalianzisha mwenyewe na kila mtende anaujua kautoa wapi, huu kapewa na shemeji yake Ibri, ule kanunua sokoni Nizwa, ule pale chipukizi la mtende wa marehemu bibi yake. Kijana wa Kibangali anayemfanyia kazi ndiye aliyegundua. Alikuwa anasafisha chini akaona kwenye shina, kama kimo cha goti, pana maji mazito ya kahawia yanachuruzika, na pembeni yake pametoka vitu vimetafunwa kama machicha. Harufu yake ukishaijua huisahau, inanuka uchachu, inanuka tembo la mnazi lililolala. Ami akapiga magoti, na umri ule, akaweka sikio kwenye shina akanyamaza, afu akaniita, "Njoo mwanangu, sikiliza." Nikaweka sikio. Unasikia kabisa. Krr, krr, krr, ndani ya mti, mchana kweupe, na mti umesimama kijani unatoa kivuli.

Ami akataka ajaribu kuuokoa. Akachokonoa kwa patasi kutafuta njia yao, kila akifuata tundu moja linagawanyika mawili, mkono ukaingia mpaka kiwiko, akavuta kilifu kilichooza kikatoka na mabuu yanajinyonganyonga, kijana wa Kibangali anayaokota anatia kwenye ndoo ya maji ya sabuni. Mwisho ikabidi kuukata. Chenso ilipoingia haikupata hata upinzani, msumeno umepita kama hakuna kitu, na tulipouangusha ukapasuka, katikati palikuwa hapana mti, palikuwa na matope ya kahawia yenye moto, namaanisha moto kweli, ukitia mkono unasikia joto kwa sababu kile kitu kinachacha humo ndani. Ami hakusema neno. Alikaa juu ya mtaro wa maji akavua kofia akaiweka gotini, mpaka adhana ya alasiri.

Nimesoma sana baada ya siku ile, na kadiri ninavyosoma ndivyo hasira inavyohama kutoka kwa mdudu kuja kwetu.

Kwao huyu ni Asia ya kusini na kusini mashariki. India alishaandikwa kama adui wa minazi tangu 1906, yaani anajulikana, sio mgeni aliyeanguka kutoka mwezini. Miaka mingi alikaa kulekule. Afu likaja lile wimbi la mafuta na ujenzi, kila mji wa Ghuba unataka barabara yenye mitende pande zote mbili, kila hoteli inataka mitende mikubwa leo leo sio baada ya miaka kumi, biashara ya kubeba mitende mizima na machipukizi kwa meli na malori ikashamiri, na ndani ya mashina yale abiria asiye na tiketi. Mwaka 1985 akaonekana Imarati, Ras al-Khaimah. 1987 akaonekana Qatif, Saudia. 1990 Iran. Hapa kwetu Oman ni 1993, wilaya ya Mahdha, mkoa wa Buraimi, na ukitazama ramani utaona Mahdha imegusana kabisa na Imarati, watu pande zote mbili ni ndugu wanaoana, na pikapu zinavuka na kurudi. Huhitaji kuwa mpelelezi.

Misri aliingia mwisho wa 1992, na inaaminika alikwenda na machipukizi kutoka huku Ghuba. Kutoka Misri akaenda Hispania miaka michache tu baadae, ndani ya mitende iliyonunuliwa kupamba miji ya watalii. Kutoka hapo ikawa kama kufungua mlango wa zizi: Italia, Ufaransa, Ugiriki, Kupro. Palermo na Roma wakapoteza mitende ile minene ya Kanari kwa maelfu, mji wa Elche wenye shamba la mitende lililoachwa na Waarabu wa Andalusia, ambalo UNESCO waliliandika urithi wa dunia mwaka 2000, nao wakajikuta wanapambana naye. 2008 Tangier, Moroko. 2009 Tobruk, Libya. 2011 Tunisia. 2015 Mauritania, ndani kabisa jangwani Tidjikja. Hata visiwa vya Karibi, Aruba na Curaçao, kafika. Sasa niambie mdudu gani ana mbawa za kumvusha Atlantiki? Anaruka, ndio, na akiamua anaruka kilomita kadhaa, lakini kutoka bara hili kwenda bara lile alipandishwa. Kapandishwa na watu wenye risiti na mihuri.

Na mimi hoteli na manispaa za watu siwezi kuzifanya kitu. Linaloniuma ni la kwetu, la shamba kwa shamba.

Mtende unazaa kwa njia mbili. Ukipanda kokwa hujui utapata nini, nusu ya miche itakuwa midume na ile mijike haitafanana na mama yake, kwa hiyo ukitaka Khalas lazima upate chipukizi la Khalas, ukitaka Naghal inayowahi kuiva lazima chipukizi la Naghal, Fardh vivyo hivyo, Khunaizi vivyo hivyo. Chipukizi linatoka ubavuni mwa mama, chini, palepale susa anapopenda kutaga. Unalikata kwa mtaimbo, mama anabaki na kidonda kibichi kinachonukia, chipukizi nalo lina kidonda, unalifunga gunia unalitia kwenye pikapu. Na huku mtu hakupi chipukizi kama anavyokupa mfuko wa saruji. Anakupa kwa sababu umemuoa mwanawe, kwa sababu ulimsaidia msibani, kwa sababu kaja kula kwako, ni heshima, kukataa ni aibu. Ami mwenyewe shamba lake lote ni hadithi za namna hiyo. Susa kasafiri ndani ya zawadi. Nikimwambia Ami asipokee tena chipukizi asilolijua, ananitazama kama nimemwambia asipokee salamu.

Serikali ilishaweka sheria kuhusu kusafirisha machipukizi, na nchi nyingi za Ghuba wameweka hivyo, lakini sheria ile inazuia lori, haizuii mjomba. Usiku mmoja nilikuwa kituo cha mafuta karibu na Sohar nikaona pikapu ina machipukizi kama nane yamefunikwa turubai na juu yake wamekaa watoto wanakula chipsi. Nilimuuliza yule bwana kwa adabu kayatoa wapi. Akaniambia kwa furaha kabisa, kwa baba mkwe.

Jambo la pili ni mashamba yasiyo na mwenyewe, na hapa nitasema ukweli hata kama kuna watu watakasirika. Mzee anakufa, shamba linagawanywa kwa mirathi, haki ya Mungu hiyo hakuna ubishi, lakini warithi kumi na moja wako Maskat, Dubai, mmoja yuko London, kila mmoja ana mitende yake sita na zamu yake ya maji, hakuna anayekuja, hakuna anayetaka kuuza kwa sababu ni mali ya baba, na hakuna anayetaka kulipa mfanyakazi. Shamba linakaa. Makuti makavu yananing'inia mpaka chini, machipukizi yameota mama yake haonekani, vichaka, panya. Pale ndo jumba la susa. Kwenye Batinah kuna na lile tatizo jingine la visima kuingiwa na maji ya chumvi ya baharini kwa sababu watu wamevuta maji kupita kiasi, basi wengine wakaona hata faida hamna, wakafunga geti wakaondoka. Jirani wa Ami upande wa magharibi ndo hivyo. Ami anapigana na susa upande wake wa fensi, upande wa pili wanafugwa bure. Tulipompigia simu mrithi mmoja alijibu kwa upole sana, akasema inshallah, na wenzangu wa huku mnajua inshallah ya namna ile maana yake nini.

Na wengine wanaficha. Mtu akigundua mtende umeingiwa anaogopa kutoa taarifa kwa kuwa atakuja mtu wa kilimo na kusema ukatwe na usagwe au uchomwe, na pengine kumbe ungepona kwa dawa, basi anaukata mwenyewe usiku, analiburuta shina mpaka bondeni, kwenye wadi, analiacha. Mabuu hayajafa! Shina limelala lina chakula na unyevu, wiki chache mbele wanatoka wakubwa wana njaa na mashamba yako hapohapo. Kama kuna kitu kimoja ningeomba kila mtu mwenye shamba akijue ni hicho, mtende uliokatwa bila kusagwa au kuchomwa na kuzikwa chini kabisa haujakatwa, umehamishwa.

Dawa zipo, nisije nikaonekana mtu wa kukatisha tamaa. Ukimwahi susa mapema mtende unapona, na wengi wamepona, unatobolewa matundu juu ya pale palipoumwa unapigwa sindano ya dawa inapanda na kushuka ndani. Kuna vidonge vya gesi vya kutia kwenye matundu, hivyo sivipendi hata kidogo, vile vinaua mtu, tena mtu akilala karibu navyo haamki, na kuna watu wanaviuza mkononi kama peremende. Kuna na mabingwa wa kienyeji wanaomwaga dizeli. Dizeli inaua mtende upesi kuliko susa, ila ni kweli susa naye anakufa.

Kitu kilichonivutia zaidi ni mtego. Mwaka uleule wa 1993 ambao susa alionekana Oman, wanasayansi walitambua harufu anayoitoa dume kuwaita wenzake, wakaitengeneza maabara. Sasa unachukua ndoo yenye mfuniko, nje ina mikwaruzo au umeizungushia gunia apate pa kupandia, matundu manne juu, ndani unatia maji, tende mbovu gao moja mbili, na kile kipakti cha harufu unakining'iniza chini ya mfuniko. Anasikia, anakuja, anazama. Wengi wanaonaswa ni majike, na hilo ndo zuri lake maana kila jike aliyezama kazama na mayai yake. Ami kanipa mimi kazi ya mitego nikiwa kule wikiendi. Unafungua ndoo, harufu inakupiga usoni, unawachota kwa chujio la chai lililostaafu, unawahesabu, unaandika, unabadilisha maji na tende. Ukizembea, maji yakakauka, mtego unageuka tangazo la karamu. Harufu inaendelea kuwaita kutoka mbali, wanafika, hawazami, wanaangalia pembeni wanaona mitende. Nimeona mashamba yana ndoo zimening'inia kavu tangu sijui lini, mwenyewe anaziita kinga.

Teknolojia nyingine ni burudani, lakini burudani nzuri. Kule Saudia chuo kikuu cha KAUST wamejaribu kuzungusha waya wa faiba kwenye mashina, waya uleule wa intaneti, unasikiliza mabuu yanavyotafuna na kukuonyesha ni mtende upi. Wengine wamefundisha mbwa wanuse. FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, wakaitisha mkutano mkubwa Roma, Machi 2017, wa huyu mdudu peke yake, na wakatoa programu ya simu ya kurekodi ukaguzi na mitego inaitwa SusaHamra. Nilimwekea Ami kwenye simu yake. Anaitumia kutazama ramani ya shamba lake kutoka juu, anafurahi.

Ila ukitazama nani kamshinda kweli susa, jibu sio waya wala mbwa. Ni visiwa vya Kanari, vile vya Hispania vilivyo karibu na Afrika. Aligunduliwa kule 2005, alikwenda na mitende ya nje iliyonunuliwa kwa mahoteli, na kule mtende wa Kanari ni mti wao wa asili, roho yao, wakachachamaa. Wakazuia mitende kuingia kutoka nje. Wakakagua mtende kwa mtende, wa serikali, wa hoteli, wa bibi uani kwake, wakaweka kila mmoja kwenye ramani, walioingiwa wakakatwa na kuharibiwa kwa utaratibu, wanaopogoa wakafundishwa na kupewa vibali. Mwaka 2016 wakatangaza kwamba hayupo tena. Hakuna ujanja mle, ni uchoshi mtupu, watu wanatembea na madaftari miaka kumi. Nilipomsimulia Ami akauliza swali moja tu, "Na mashamba ya warithi waliingia vipi?" Nikamwambia nadhani waliingia kwa nguvu ya sheria. Akatikisa kichwa akasema basi ndo maana.

Hapa katikati nitoke kidogo. Kuna watu wanamla. Buu la susa Malaysia na Indonesia ni kitoweo, na Kongo wana ndugu yake wa Kiafrika, Rhynchophorus phoenicis, mabuu yake yanauzwa sokoni Kinshasa yanaitwa mpose, yanakaangwa kwa mafuta yake yenyewe na wanasema ni matamu kuliko kamba. Rafiki yangu mmoja wa Bukavu nilipomtumia picha ya ndoo ya Ami alinijibu kwa masikitiko, mnayatia sabuni?!

Turudi. Athari zake watu wanazihesabu kwa fedha, na fedha ni nyingi, lakini hebu angalia ni mitende gani inayokufa. Susa anapenda mtende mchanga, chini ya miaka ishirini, shina bado laini. Ile mizee mirefu ya babu mara nyingi anaiacha. Sasa mtu kapanda, kamwagilia, kasubiri miaka mitano sita aone tende za maana, mti ndo unaingia ujana wake na ndo unakufa, akipanda tena na yeye kaongeza miaka. Vijana walikuwa tayari wana sababu elfu za kutorudi shamba, susa kawapa ya elfu na moja. Mwaka 2019 UNESCO waliandika maarifa ya mtende kuwa urithi wa nchi kumi na nne, Oman imo, maarifa ya kupanda, kuchavusha, kusuka makuti, na yote ni kweli na tunashukuru, lakini maarifa yanakaa kwa mtu anayekwea mtende kila wiki, na yule anayekwea mitende ya Ami kila wiki ni kijana wa Kibangali ambaye viza yake inakwisha mwakani. Yeye ndiye mwenye jicho. Mimi nikitazama naona mti, yeye anaona kuti moja la katikati limeinama kidogo tofauti na wenzake.

Na Unguja? Kwetu minazi ina adui yake wa miaka yote, chonga, yule mwenye pembe anayetoboa kilele makuti yakifunguka yanakuwa kama yamekatwa kwa mkasi. Wazee wetu walikuwa wanampandia juu kumtoa kwa kichuma. Chonga tunamjua na tumezoeana naye. Susa ni mwingine, na mnazi anaula kama anavyoula mtende, kule India na Sri Lanka ndo kazi yake. Ndo maana nikiona siku hizi watu nyumbani wanataka mitende uani, kwa pambo, kwa baraka, na kuna nyumba za wageni pwani zinapanga mitende mlangoni, moyo unanidunda.

Mwezi uliopita binti wa mama mdogo kanipigia. Kajenga Fumba, kulekule Unguja, nyumba nzuri mashallah, anataka chipukizi moja la Khalas kutoka shambani kwa Ami, moja tu kaka, dogo, litie kwenye sanduku ulifunge na kanga, nani atajua. Nikamwambia sileti. Akadhani natania. Nikamweleza habari yote hii, mabuu, Mahdha, Misri, akanyamaza kidogo akasema, "Kwa hiyo Ami kakataa?" Nikasema Ami hata hajaulizwa, Ami angekupa kumi, mimi ndo nakataa. Nikamwambia kuna miche ya maabara, ile ya chupa, inakuzwa kutoka kwenye kitu kidogo kama kucha, haina jeraha wala mdudu, inakuja na karatasi zake, subiri nikuulizie njia ya halali na watu wa karantini bandarini waione. Bei yake kidogo inauma lakini ndo Khalas ileile.

Hajaridhika. Jana kanitumia sauti, nyuma nasikia mafundi wanagonga vigae, anasema kaka mimi nimetaka mtende wa Ami, mtende wa chupa nitawaambia nini wageni?